Kipimo Kabla ya Kifaa: Mhadhara Kuhusu Hitilafu za Umeme Katika Trekta la Shambani



Waandaaji wa mkutano huu wamekubali jambo linaloonekana dogo, yaani umeme wa trekta, lipewe nafasi katika mfululizo wa mihadhara ambayo kwa kawaida huzungumzia mbegu, mbolea, masoko na mikopo. Uamuzi huo una sababu nzuri. Katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, siku za kulima zinazofuata mvua za kwanza ni chache, na trekta linaloshindwa kuwaka katika siku hizo halimcheleweshi mwenye nalo peke yake, bali huwachelewesha pia majirani wote waliokwisha kulipa au kuahidi kulipa ili walimiwe.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza namna ya kutambua chanzo cha hitilafu ya umeme katika trekta la dizeli la volti 12, ambalo ndilo limezoeleka vijijini, liwe ni Massey Ferguson, New Holland, Ford la zamani au jingine lolote la jamii hiyo, kisha kueleza jinsi hitilafu hiyo inavyoweza kuzuiwa isitokee. Dai kuu ni moja. Mara nyingi mno betri, stata na alteneta hununuliwa mpya ilhali ubovu uko mahali ambapo waya unakutana na chuma, na fundi asiyepima kabla ya kufungua hutibu kwa kubahatisha, tena kwa fedha za mwingine. Hoja saba zifuatazo zinalieleza dai hilo, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa ufupi, kulingana na uzito wake.

Hoja ya kwanza: Dizeli huwaka bila cheche, na hapo ndipo uzembe unapoanzia

Injini ya dizeli haihitaji cheche ya umeme ili kuunguza mafuta, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya silinda hubanwa hadi ikapata joto la kutosha kuyawasha mafuta yanayonyunyizwa na nozeli. Trekta la zamani lenye pampu ya mafuta isiyotegemea umeme, likishawaka, laweza kulima kutwa nzima bila betri kuhitajika kwa jambo lolote la maana, na jioni huzimwa kwa kuvuta kebo inayokata mafuta. Sifa hiyo ni neema kwa mkulima aliye mbali na karakana, lakini imezaa mazoea ambayo hakuna msikilizaji ukumbini humu asiyeyafahamu: trekta huegeshwa juu ya mteremko ili asubuhi liserereshwe na kuwashwa kwa gia, au betri ya jirani huazimwa kila alfajiri. Dereva anayeishi hivyo haioni hitilafu inavyokua, kwa kuwa dalili yake ya kwanza, yaani stata kuzunguka kwa uvivu, ameshajifunza kuikwepa.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Betri ni ghala la umeme. Stata ni mota inayoizungusha injini hadi iwake. Alteneta, inayozungushwa na fenibelti, huzalisha umeme wa kurudishia kile kilichotumika na wa kuendeshea taa na vifaa vingine. Kati ya hivyo zimo nyaya, swichi, fyuzi, na rilei, ambayo ni swichi inayofungwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Kiungo cha mwisho, ambacho watu wengi hawakihesabu, ni mwili wa trekta wenyewe. Umeme unaotoka kwenye kichwa chanya cha betri haukomei kwenye taa wala kwenye stata, bali ni lazima urudi hadi kwenye kichwa hasi, na njia yake ya kurudia ni chuma cha injini na chasisi pamoja na waya mnene ambao mafundi huuita waya wa athi.

Njia hiyo ya kurudia ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa haina rangi ya kuifuatilia wala fyuzi ya kuikagua. Bolti ya athi ikilegea, ikishika kutu au ikifunikwa na tope lililochanganyika na grisi, kila kifaa kinachotegemea njia hiyo huanza kuonekana kibovu kwa wakati mmoja. Trekta lililopakwa rangi upya ni mfano mzuri: lilikwenda kwa mpaka rangi likiwa linawaka vizuri, likarudi liking'aa na kugoma, kwa sababu rangi ni kihami, yaani haipitishi umeme, nayo imepita chini ya bolti ya athi. Kuna tahadhari nyingine kwa wenye matrekta ya kale sana. Baadhi yake, kama Ford 8N la Marekani lililotoka kiwandani na umeme wa volti 6, yalifungwa kichwa chanya kwenye athi, kinyume cha ilivyo leo, na fundi anayefunga betri kwa mazoea bila kuangalia anaweza kuharibu vifaa katika dakika moja.

Hoja ya pili: Umeme hupimwa ukiwa kazini

Mwaka 1827 mwanafizikia wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, alichapisha kanuni ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya utambuzi wa hitilafu zote za aina hii. Kanuni hiyo inahusisha mambo matatu: volteji, ambayo ni msukumo wa umeme na hupimwa kwa volti, mkondo, ambao ni wingi wa umeme unaopita na hupimwa kwa ampea, na ukinzani, ambao ni ugumu wa njia na hupimwa kwa kizio kilichopewa jina lake, omu. Volteji inayopotea mahali popote ni sawa na mkondo unaopita hapo mara ukinzani wa mahali hapo.

Maana ya kanuni hiyo huonekana mara moja katika stata. Stata ya trekta la silinda nne inaweza kuvuta ampea 300 au zaidi inapozungusha injini. Ikiwa teminali ya betri, yaani kile kibano kinachofungwa juu ya kichwa chake, ina uchafu wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 3 zitapotea hapo hapo. Betri nzima ambayo ikiwa imetulia ina volti 12.6 hushuka hadi karibu volti 10.5 inapobebeshwa mzigo mkubwa kama huo. Zikitolewa 3 zilizopotea njiani, stata hubakiwa na 7.5, nayo hunguruma kidogo na kunyamaza. Dereva atasema betri imekufa, na muuza betri hatakuwa na sababu ya kumbishia.

Ugumu ni kwamba vifaa vilivyozoeleka vya kupimia havimwoni mhalifu huyo. Mita ya kawaida ikiwekwa kwenye kipimo cha ukinzani haiwezi kusoma omu 0.01 kwa uhakika, kwa sababu nyaya za mita yenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Taa ya kupimia ya wati 5 nayo hudanganya, kwani hutumia chini ya nusu ampea, na mkondo mdogo hivyo hupoteza chini ya volti 0.005 unapopita kwenye uchafu ule ule, kiasi kwamba taa huwaka kwa mwanga wote na fundi huhitimisha kwamba umeme unafika. Ni kweli unafika, lakini wa kuwasha taa. Wakulima wa skimu za umwagiliaji wa Mbarali hawana shida ya kulielewa jambo hili, maana mfereji uliozibwa na majani katikati husimamisha maji kwa kimo kimoja kichwani na mkiani iwapo hakuna anayefungulia shamba lake, na ni pale tu wote wanapofungulia ndipo mtu wa mkiani anapogundua kwamba kwake hakuna kitu.

Kwa hiyo kipimo sahihi ni cha volteji inayopotea wakati kazi inafanyika, na hatua zake ziko ndani ya uwezo wa dereva yeyote aliyefundishwa kwa saa chache. Kwanza gia ziwekwe huru, breki ya mkono ifungwe, na kebo ya kuzimia ivutwe ili injini izunguke bila kuwaka. Mita iwekwe kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, yaani ule wa betri usiobadili mwelekeo, kisha ncha zake ziguse vichwa vya betri vyenyewe, si teminali zilizofungwa juu yake, huku msaidizi akipiga stata kutoka kwenye kiti. Betri nzuri iliyochajiwa haishuki chini ya volti 9.6. Pili, ncha moja ibaki kwenye kichwa chanya na nyingine iguse bolti ya stata inayopokea waya mnene. Stata ikipigwa, mita isisome zaidi ya volti 0.5. Tatu, ncha moja iguse mwili wa stata na nyingine kichwa hasi, na hapo usomaji uwe mdogo zaidi, usivuke 0.3 katika trekta linalotunzwa. Ikiwa upande mmoja umezidi, ncha isogezwe hatua kwa hatua kutoka ungio hadi ungio, na mahali ambapo usomaji unaruka ghafla ndipo ubovu ulipo. Stata isipigwe mfululizo zaidi ya sekunde 10 au 15, na ipewe nafasi ya kupoa kila mara.

Mantiki hiyo hiyo inatumika kwenye taa inayofifia au honi inayolia kwa kukoroma: mzigo uwashwe, ndipo mita iulizwe volti zinapotelea wapi.

Sikio nalo ni chombo cha kupimia, ingawa halitoi tarakimu. Ufunguo ukizungushwa pakawa kimya kabisa, uchunguzi uanzie kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo, na swichi ya usalama inayozuia stata kufanya kazi gia ikiwa imeingia. Mlio mmoja mzito wa "tak" bila injini kuzunguka huelekeza kwenye waya mnene au kwenye solenoidi, yaani sumaku-umeme iliyo juu ya stata, ambayo visahani vyake vya shaba huungua kwa miaka, au kwenye mota yenyewe. Milio mingi ya haraka inayofuatana huashiria kwamba volteji inaanguka kila mara solenoidi inapovuta: ama betri haina chaji, ama ungio halishiki. Na ikiwa maungio yote yamepimwa yakaonekana salama lakini betri iliyochajiwa inaporomoka chini ya 9.6, basi sasa, na si kabla ya hapo, ni halali kuishuku betri, au kuishuku stata yenye bushi zilizolika inayovuta mkondo kupita kiasi.

Hoja ya tatu: Betri hufa wakati trekta limepumzika

Betri ya asidi na risasi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haijabadilika sana katika asili yake. Ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, na ndani ya kila seli bamba za risasi zimezama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki. Umeme unapotumika, bamba hujivika salfeti ya risasi. Betri inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Betri ikiachwa bila chaji kwa wiki nyingi, salfeti hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu ya bamba iliyofunikwa nazo huwa imepotea moja kwa moja.

Trekta la msimu mmoja limewekwa katika mazingira yanayofaa kabisa kwa maafa hayo. Kuanzia mavuno hadi mvua zinazofuata laweza kusimama miezi minne au mitano, na kila betri hujipunguza chaji yenyewe hata isipotumika, tena kasi ya upungufu huo hupanda karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Chini ya boneti la chuma lililosimama juani mwezi Oktoba, miezi hiyo ni mirefu. Mwenye trekta husema betri "imekufa ghafla" mvua ilipoanza, ilhali ilikuwa ikifa tangu Julai.

Kinga yake ni nyepesi. Trekta likiegeshwa kwa muda mrefu, waya wa athi ufunguliwe ili kusiwe na kifaa kinachonyonya umeme kimyakimya, na volteji ipimwe angalau mara moja kwa mwezi baada ya betri kutulia kwa saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 ni takriban robo tatu; 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe bila kungoja. Paneli ndogo ya sola ya wati 10 au 20, pamoja na kidhibiti chaji chake, yatosha kuitunza betri msimu mzima, na ni ajabu kwamba nyumba nyingi vijijini zina sola ya kuchajia simu wakati trekta lililo uani halina.

Maji yanayopungua ndani ya seli yajazwe kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji ili yasiwe na madini, na kamwe yasijazwe asidi, kwa sababu kinachokauka ni maji na asidi hubaki. Mnunuzi asome lebo, maana dukani chupa ya asidi na chupa ya maji safi zaweza kufanana. Kwa betri zenye vifuniko, haidromita, ambayo ni kipimo cha uzito wa mchanganyiko huo, husaidia kuliko mita: seli ikijaa husoma karibu 1.26 hadi 1.28, na seli moja ikitofautiana na wenzake kwa 0.05 baada ya kuchajiwa, betri hiyo haina muda mrefu.

Betri pia ifungwe isicheze, kwani mtikisiko wa shamba lenye visiki huzipukutisha bamba. Wakati wa kuitoa, waya wa athi utangulie kufunguliwa na uwe wa mwisho kurudishwa, ili spana ikigusa mwili wa trekta isipige shoti. Betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Moto wa sigara na cheche za spana vikae mbali.

Hoja ya nne: Taa ndogo nyekundu, na mazoea yaliyorithiwa kutoka enzi za dainamo

Alteneta huzalisha umeme kwa kuzungusha sumaku-umeme ndani ya koili za waya. Umeme huo hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, hivyo hupitishwa kwenye daiodi, ambazo ni milango inayoruhusu upande mmoja tu, kabla haujaifikia betri. Na kidhibiti volteji huuzuia usipande kupita kiasi. Kwa kuwa sumaku yenyewe ni ya umeme, alteneta nyingi huhitaji kiasi kidogo cha mkondo cha kuzianzishia kazi, na katika matrekta mengi mkondo huo hupitia kwenye taa nyekundu ya chaji iliyo kwenye dashibodi. Taa hiyo ikiungua, au ikichomolewa na dereva anayechukizwa na wekundu wake, alteneta yaweza kukaa bila kuchaji ingawa haina kasoro yoyote. Hapo alteneta nzima hushushwa, ikapelekwa mjini, ikabadilishwa, na mpya nayo ikagoma.

Utaratibu wa kuikagua ni mfupi. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa ya chaji lazima iwake. Isipowaka, uchunguzi uanzie hapo. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, volteji kwenye vichwa vya betri iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki ile ile ya betri iliyotulia, fenibelti ikaguliwe kwanza, kisha maungio, kisha brashi za kaboni. Ikivuka 15, kidhibiti kimeharibika, na dereva ataona pia maji ya betri yakikauka haraka na balbu zikiungua moja baada ya nyingine. Daiodi iliyovuja ina tabia ya pekee: mchana alteneta huonekana inachaji, usiku umeme hurudi nyuma kupitia daiodi hiyo. Uvujaji wa nusu ampea humaliza betri ya ampea-saa 100 kwa saa 200, yaani siku nane hivi, na kwa kuwa trekta linalofanya kazi kila siku huchajiwa kila siku, ubovu huo hufichika hadi wiki ya kwanza ya mapumziko.

Hapa mhadhara unaomba usikivu wa madereva kwa namna ya pekee, hasa wale wanaoazima betri. Matrekta ya zamani yalikuwa na dainamo, ambayo huzalisha umeme bila daiodi, nayo huweza kuvumilia kuwashwa kwa betri ya kuazima na kisha betri hiyo kuchomolewa injini ikiendelea. Alteneta haivumilii. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya volteji yanayotoka humo. Ikiondolewa ghafla, volteji huruka juu kwa kitambo kifupi sana, lakini kitambo hicho chatosha kuziua daiodi na kidhibiti. Aliyefundishwa na dereva wa enzi za dainamo alipewa desturi iliyokuwa sahihi kwa mashine nyingine. Vivyo hivyo, msaada wa lori ni wa hatari usipofikiriwa: malori mengi makubwa yana betri mbili zilizounganishwa mfululizo kutoa volti 24, na anayechukua waya kwenye ncha za mwisho za betri hizo anapeleka msukumo maradufu kwenye trekta la volti 12. Betri mbili za volti 12 zinapounganishwa kwa kusaidiana, chanya iungwe na chanya, na waya wa mwisho uungwe kwenye chuma cha injini kilicho mbali na betri iliyoishiwa, ili cheche isitokee palipo na gesi.

Hoja ya tano: Fyuzi hulinda waya

Fyuzi huwekwa ili iungue kabla waya haujaungua. Anayeiziba kwa karatasi ya sigara, msumari au uzi wa waya wa umeme wa nyumbani ameugeuza waya wote kuwa fyuzi, na kwenye trekta lililojaa makapi makavu ya ngano au majani ya miwa, waya unaoungua ni moto. Taa za ziada za kulimia usiku ni chanzo cha kawaida: balbu nne za wati 55 kwa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 18, mzigo ambao swichi ndogo ya dashibodi haikutengenezewa, hivyo zipewe rilei yao na fyuzi yao. Maungio ya kusokotwa na kufungwa nailoni hunyonya unyevu. Yabanwe kwa klipu za shaba na kufunikwa kwa mpira.

Panya huja palipo na mahindi, nao hutafuna nyaya. Boneti lifunguliwe kila wiki wakati trekta limepumzika. Anayechomelea chuma chochote kwenye trekta afungue nyaya za betri na za alteneta, na kibano cha athi cha mashine ya kuchomelea kikae karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Hoja ya sita: Bisibisi kwenye stata

Kuna njia ya kuwasha trekta lenye swichi mbovu kwa kusimama chini, mbele ya gurudumu la nyuma, na kuunganisha bolti mbili za stata kwa bisibisi. Njia hiyo huiruka swichi ya usalama. Gia ikiwa imeingia, trekta huwaka na kuondoka papo hapo, na aliyesimama mbele ya gurudumu hana muda wa kutoka. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, wakiwemo mafundi wazoefu. Swichi ya usalama iliyoharibika ni kifaa cha bei ndogo na itengenezwe siku hiyo hiyo. Na fundi anayemfundisha mwanafunzi wake njia ya bisibisi, hata kwa nia ya kuokoa siku ya kazi, anafanya kosa lisilo na udhuru.

Hoja ya saba: Matrekta yajayo yatasamehe kidogo zaidi

Yote yaliyosemwa yanahusu trekta ambalo likishawaka halina haja kubwa ya umeme. Hali hiyo inapita. Matrekta mapya yenye sindano za mafuta zinazoendeshwa kwa kompyuta hayawaki kwa kusukumwa ikiwa betri haina umeme, na kompyuta zake huzungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa mfumo uitwao CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Fundi mwenye mita ya kawaida bado anaweza kuukagua: betri ikiwa imefunguliwa, ukinzani kati ya nyaya hizo mbili unapaswa kuwa karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho una kizuizi cha omu 120; usomaji wa 120 una maana kwamba upande mmoja umekatika. Taa ya kupimia ya balbu isiguswe kwenye nyaya za kompyuta, kwa kuwa mkondo wake waweza kuunguza kile kinachopimwa. Jambo la kutia moyo ni kwamba ujuzi wa zamani haujapitwa na wakati. Athi iliyolegea na betri dhaifu huifanya kompyuta ya trekta jipya ionyeshe misimbo ya hitilafu ya vifaa vingi visivyo na ubovu wowote, na anayebadilisha vifaa kwa kufuata misimbo hiyo kabla ya kupima volteji atafilisi shamba.

Mashine kumtangulia fundi si jambo jipya nchini Tanzania. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanzishwa Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta matrekta mengi, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia, na miongoni mwa yaliyoukwamisha ni kuharibika kwa mashine katika nchi ambayo vipuri na mafundi wake havikuwa vimeandaliwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mapendekezo ni matatu. Vyuo vya VETA na karakana za mafunzo viwafundishe wanafunzi kupima volteji inayopotea kabla ya kuwafundisha kufungua stata. Taasisi zinazojaribu na kusambaza zana za kilimo, kama CAMARTEC ya Arusha, pamoja na wauzaji, ziambatanishe na kila trekta ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye volteji zinazotarajiwa, mahali pa bolti za athi, na onyo kuhusu bisibisi. Na kila mmiliki anunue mita, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya stata, pamoja na daftari la kuandikia usomaji wa aina tatu kila mwezi: betri ikiwa imetulia, stata ikipigwa, na alteneta ikichaji. Wenye matrekta waliomo ukumbini wanaombwa kuanza kuandika mwezi huu, kabla mvua hazijanyesha.